Chumba Kisichopumua

Mwezi wa Juni katika milima ya Vidunda jua huchelewa kuonekana. Ukungu hulala juu ya mashamba ya maharage mpaka watoto wafike shuleni, na anayekwenda kisimani hurudi vidole vimekufa ganzi. Filomena, mwanafunzi wa darasa la tano, alikuwa amezoea. Kila asubuhi alichota maji, akafagia uwanja, akachochea moto katika jiko la nje, kisha akaenda kumwamkia bibi yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mtoto kaamkaje?"

Siku zile hilo ndilo lilikuwa swali la kwanza kila asubuhi. Mtoto huyo ni Boniface, mdogo wake Filomena. Alizaliwa kabla ya miezi yake kutimia, mtoto njiti, mdogo kiasi kwamba kofia ya sufu ilimfunika hadi puani. Mama yake, Costancia, alimfunga kifuani kwa kanga usiku na mchana ili apate joto. Filomena alikuwa na tabia ya kuingia chumbani kabla ya kwenda shule, akasimama kimya kando ya kitanda mpaka aone kifua cha mtoto kimepanda na kushuka. Hapo ndipo alipochukua mkoba wake.

Chumba chenyewe kilikuwa kipya. Baba yake, Damiano, alikuwa fundi wa mabomba ya hewa katika kiwanda kimoja mjini Morogoro. Kiwanda kilipouzwa kwa mtu binafsi, wafanyakazi wengi walipunguzwa, naye akiwa mmoja wao. Ilikuwa miaka ile soko huria lilipoanza kushika kasi. Saruji, mabati na vioo, vitu ambavyo zamani mtu alivitafuta kwa kibali na kwa kujuana, sasa vilijaa katika maduka ya Kidodi na Mikumi. Damiano akarudi mlimani na kumjengea mkewe chumba cha matofali, sakafu ya saruji, dirisha la kioo na dari ya siling bodi. Watu walikuja kukiangalia kana kwamba ni chumba cha mkuu wa wilaya.

Lakini kilikuwa na kasoro. Nyumba ya zamani ya udongo na nyasi ilipumua yenyewe, kwa nyufa zake na kwa paa lake. Chumba kipya kilibana kama debe lililofungwa. Asubuhi kuta zilitoka jasho, na pembeni kulianza kuota ukungu mweusi wenye harufu ya uvundo. Mwanakheri, nesi wa zahanati, alipokuja kumpima Boniface, alisimama mlangoni akanusa.

"Mama Filomena, chumba hiki hakipumui," alisema. "Mtoto njiti anahitaji joto, ni kweli. Lakini anahitaji na hewa safi."

"Nikifungua dirisha ataganda, nesi," mama alijibu. "Nikilifunga, unasema anakosa hewa. Nifanye nini?"

Damiano alilichukua swali hilo akalala nalo. Siku iliyofuata akaanza kupiga misumari.

Alitengeneza sanduku refu la mbao na kulizungushia maranda ili lisipitishe baridi. Ndani yake aliweka njia mbili, akazitenganisha kwa bati jembamba. Filomena alimshikia misumari huku akiuliza maswali.

"Hewa iliyotumika chumbani ina joto," baba alimweleza. "Itaingia kwenye tundu la juu, ipite njia hii, ipande kwenye bomba mpaka juu ya paa. Upepo wa mlimani utaivuta. Hewa safi ya nje ni baridi. Yenyewe itapita njia hii nyingine, iingie chumbani kwa tundu la chini. Zitapishana humu ndani, na bati litakuwa katikati."

"Hazitachanganyika?"

"Hazitachanganyika. Simama nyuma ya ukuta wa bati wakati jua linaupiga kwa mbele. Jua hulioni, lakini joto si unalisikia? Basi ndivyo hivyo. Joto linavuka, hewa haivuki."

"Kwa hiyo ni jiko, baba?"

Damiano alicheka. "Hapana. Halitengenezi joto hata kidogo. Linalizuia tu lisikimbie lote. Tukiokoa nusu yake, si haba."

Sanduku lilipofungwa ukutani, Filomena aliweka kiganja kwenye tundu la chini. Hewa iliyoingia haikuwa ya moto, ila haikuuma kama ile ya nje. Katika muda mfupi kuta zikaacha kutoka jasho na ule uvundo ukapungua.

Hata hivyo, maneno hayakukawia kuanza. Kisimani wanawake walisema Damiano ameleta mtambo wa kizungu unaochemsha hewa. Shuleni Angela, rafiki yake Filomena aliyekaa naye dawati moja, alimnong'oneza, "Eti nyumbani kwenu kuna sanduku linalonyonya pumzi za watu, halafu linawarudishia zile zile?"

"Si zile zile! Zinapita njia mbili."

"Ndivyo unavyosema wewe," alijibu Angela.

Aliyelichukia zaidi sanduku alikuwa bibi mwenyewe, Marciana, mama yake Damiano. Alikuwa amelea watoto tisa katika mlima ule, na kwake upepo ndio ulioleta kichomi. Kila alipoingia chumbani aliliangalia lile tundu kama anavyomwangalia mbwa wa jirani.

"Mtu anajenga nyumba ya saruji, halafu anaitoboa," alinung'unika. "Huyu mtoto atauawa na baridi, ninyi mnaangalia tu."

Baada ya kukaa bila kazi, Damiano alipata kibarua cha kunyoosha mabodi ya magari katika gereji moja huko Mikumi, kando ya barabara kuu. Ilimpasa kushuka alfajiri ya Jumatatu, apande lori Kidodi, na kurudi mwisho wa wiki. Siku ya kuondoka alikuwa amekwisha kuchelewa. Alikuwa ameanza kuteremka kilimani Costancia alipomwita kutoka uwanjani.

"Baba Filomena! Na jiko la mkaa je?"

"Sanduku linatosha!" alijibu bila kugeuka, akaendelea kukimbia.

Alikuwa na maana kwamba kwa kuwa sanduku limo, jiko halina haja tena chumbani. Costancia alisikia jambo jingine kabisa: kwamba sanduku linatosha kuondoa ubaya wowote wa jiko, hivyo aliwashe bila wasiwasi. Kila mmoja alidhani ameelewana na mwenzake.

Siku ya kwanza haikuwa baridi sana. Ya pili baridi ilizidi, na Costancia akawasha mkaa nje, akaupepea mpaka ukawa mwekundu wote bila moshi, kisha akaliingiza jiko chumbani. Mkaa ukishaiva hauna madhara, ndivyo alivyoambiwa tangu utotoni. Jioni alilalamika kwamba kichwa kinamgonga. Alipotoka kwenda kuanua nguo, kikatulia. Alisema ni uchovu wa kunyonyesha.

Asubuhi iliyofuata ilikuja na manyunyu na upepo uliopiga mluzi kwenye mabati. Jiko lilikuwa chumbani tayari, na mama, aliyekuwa amemlaza mtoto kitandani kwa kitambo, alikuwa nje akisuuza nepi. Filomena alikuja kumtazama Boniface kabla ya kwenda shule. Alipofika mlangoni, alimkuta bibi amepiga magoti mbele ya tundu la chini, akilisokomeza matambara kwa kidole gumba. Alipomaliza alipanda juu ya kigoda, akaliziba na la juu. Kisha akalivuta pazia la dirishani, matundu yote mawili yakafichika nyuma yake.

"Bibi..." Filomena alianza.

"Nini?"

"Baba alisema matundu yale yasi..."

"Baba yako nimemzaa mimi!" bibi alimkatiza. "Mtoto anaganda, wewe unaniletea habari za baba? Nenda shule, utachelewa."

Filomena hakuwahi kumjibu bibi yake mara mbili. Aliinamisha kichwa akatoka. Uwanjani alipishana na mama aliyekuwa akirudi ndani mbio kukimbia manyunyu. Aliusikia mlango ukifungwa, kisha sauti ya mama: "Afadhali! Leo chumba kina joto zuri kweli."

Hapo ndipo alipopaswa kusema. Neno lilimfika kwenye ulimi. Lakini bibi alikuwa amesimama barazani, na Filomena aliona haya kumshtaki mbele ya macho yake. Akaenda zake.

Darasani Mwalimu Casmir alifundisha hesabu za sehemu, lakini Filomena hakuona namba hata moja. Alijaribu kujituliza: bibi amelea watoto tisa, bibi anajua. Kisha akakumbuka mama akishika paji la uso jana jioni, na jinsi alivyopata nafuu mara tu alipotoka nje. Jana matundu yalikuwa wazi, na bado kichwa kilimgonga. Leo je? Na kama mtu mzima aliumwa kichwa, yule mwenye kifua kama cha kifaranga atakuwa anapata nini?

Akainua mkono.

"Mwalimu, naomba ruhusa niende nyumbani."

"Unaumwa?"

Ingekuwa rahisi kusema ndiyo. Mwalimu angemruhusu, na hakuna ambaye angemcheka. Lakini mgonjwa huenda nyumbani peke yake, polepole, naye alihitaji msaada.

"Siumwi, mwalimu. Mama na mtoto wamo chumbani na jiko la mkaa. Mlango umefungwa, na matundu ya hewa yamezibwa. Naogopa."

"Ni lile sanduku la kunyonya pumzi!" mtu alipiga kelele nyuma, na darasa likacheka. Angela hakucheka. Aliuona uso wa rafiki yake.

Mwalimu Casmir alikuwa ameiweka chaki mezani. "Kimya! Filomena, tangulia, kimbia. Mimi nakuja nyuma yako. Angela, nenda zahanati, mwambie Nesi Mwanakheri aje nyumbani kwa Damiano sasa hivi."

Filomena alikimbia. Njia ilikuwa utelezi mtupu. Alianguka kwenye mteremko wa kwanza, akaamka bila kujifuta, akaanguka tena. Ukungu ulifunga njia mbele yake, na alichokiona moyoni kilikuwa kile kifua kidogo, kikipanda, kikishuka, kikisimama.

Bibi alikuwa katika jiko la nje akipukuchua maharage. Alishtuka kumwona amejaa tope.

"Kulikoni? Usiende kupiga kelele huko, mama yako amelala."

"Amelala tangu saa ngapi, bibi?"

"Tangu ulipoondoka. Mwache apumzike."

Filomena alimpita. Nyuma yake alisikia bibi akimwita kwa hasira, lakini safari hii hakusimama. Alisukuma mlango. Joto lilimpiga usoni. Hapakuwa na moshi, wala harufu yoyote ya kutisha. Mkaa uling'aa kwa utulivu katikati ya sakafu. Mama alikuwa amelala chali, macho nusu wazi, midomo ikitafuta neno bila kulipata. Mtoto alikuwa kifuani pake, shingo imelegea.

"Mama! Amka!"

"Miguu..." mama alisema kama mlevi. "Miguu haina nguvu."

Filomena alimfungua Boniface kwenye kanga, akamkumbatia, akatoka mbio. Bibi alikuwa amefika mlangoni.

"Mshike, bibi! Kaa naye barazani. Usimrudishe ndani!"

Ilikuwa mara ya kwanza maishani kumwamuru bibi yake. Marciana alifungua mdomo ili amgombeze, kisha akamtazama mjukuu aliyewekwa mikononi mwake. Mtoto hakulia, hakujinyoosha. Bibi akamfunga kwenye shuka lake.

Filomena alirudi ndani. Alifungua dirisha, akamshika mama chini ya makwapa na kumvuta. Mama aliteleza kitandani akaanguka, na Filomena akamburuta hatua kwa hatua huku kichwa chake mwenyewe kikianza kuzunguka. Karibu na kizingiti nguvu zilimwishia. Hapo mikono mingine ikamshika mama. Mwalimu Casmir alikuwa amefika. Alimbeba Costancia hadi barazani, akarudi kulitoa jiko na kulimwagia maji uwanjani.

Boniface alikuwa bado kimya. Bibi alimsugua mgongo kwa kiganja, akisali kwa lugha ya nyumbani, sauti ikikatika. "Mtoto wangu amka, mtoto wangu..." Kisha akasema, "Nileteeni maziwa, tumpe maziwa!"

"Asipewe kitu!" Nesi Mwanakheri aliita kutoka njiani. Angela alikuwa nyuma yake, anahema. "Anahitaji hewa, si maziwa. Nipe huyo mtoto." Alimgeuza, akamsafisha kinywa, akaweka mdomo wake juu ya pua na kinywa cha mtoto na kumpulizia pumzi ndogo ndogo. Watu wote uwanjani walisimama kama miti. Filomena alihesabu pumzi, akapoteza hesabu, akaanza upya.

Ndipo ikasikika sauti nyembamba, kama ya paka aliyefungiwa kabatini. Boniface alikuwa analia. Bibi alikaa chini kwenye matope.

Gari la misheni ya jirani liliitwa, likawateremsha mama na mtoto mpaka hospitalini Mikumi, Nesi Mwanakheri akiwa amekaa nao nyuma. Bibi na Filomena walipanda pia. Hospitalini wagonjwa waliwekewa hewa ya oksijeni. Ujumbe ulipelekwa gereji, na Damiano akaja na ovaroli yake yenye mafuta, hata hakuwa amenawa mikono.

"Wataishi?" aliuliza kabla ya salamu.

"Mama yuko vizuri. Mtoto daktari bado anamwangalia," nesi alijibu.

Walikaa kwenye benchi ukumbini. Kila mlango ulipofunguliwa Filomena aliruka. Hatimaye, alasiri, daktari alitoka akasema mtoto amenyonya mwenyewe na rangi yake imerudi. Baba alifunika uso kwa mikono michafu. Bibi alifanya ishara ya msalaba.

Waliporuhusiwa kuingia, Costancia alikuwa ameketi, mtoto kifuani. Alimtazama mumewe kwa mshangao wa kweli. "Baba Filomena, si ulisema sanduku linatosha? Mimi nikaingiza jiko."

Damiano aliketi kando ya kitanda. "Nilimaanisha usiingize jiko," alisema. "Nilikuwa na haraka. Kitu nilichokieleza kwa Filomena siku nzima, wewe nilikutupia maneno mawili njiani. Na mama sikumweleza kabisa. Nilimwona analichukia, nikanyamaza."

"Nami niliziba matundu yote mawili," bibi alisema kwa sauti ndogo. "Nilidhani namkinga na baridi."

"Hata kama usingeziba, mama, jiko lile lilikuwa hatari," nesi alisema. "Watu wengi wanafikiri mkaa mwekundu usio na moshi ni salama. Sumu yake haina rangi wala harufu. Huisikii ikija. Mtu anaumwa kichwa, analegea, anaona usingizi, basi. Sanduku la hewa ni la kubadilisha hewa ya kupumua bila kupoteza joto lote. Halikutengenezwa kubeba sumu ya jiko. Jiko la mkaa halilali ndani, iwe nyumba ina sanduku au haina."

Wiki iliyofuata walipanda mlima kurudi nyumbani. Damiano alitoa matambara yote, akasafisha njia za sanduku. Kisha aliwaita mkewe, mama yake na majirani, akalifungua ubavuni wakaona kwa macho yao njia mbili na bati katikati. Bibi aliuliza maswali mengi kuliko wote. Aliweka mkono huku, akauweka kule, akataka kujua upepo ukikosekana inakuwaje. Damiano alikiri kwamba siku isiyo na upepo sanduku hufanya kazi kidogo tu, na ni lazima dirisha lifunguliwe kidogo. Ili mtoto apate joto, nesi aliwafundisha kujaza maji ya moto kwenye chupa, kuzizungushia kanga na kuzipanga pembeni yake. Mama aliendelea kumbeba kifuani.

Lakini Filomena hakuwa na raha. Alikuwa amempita bibi yake akiitwa, na amemwamuru mbele ya watu. Tangu siku ile bibi hakuwa amelitaja jambo hilo. Jioni moja, walipokuwa wakichambua maharage wawili tu, alishindwa kuvumilia.

"Bibi, naomba unisamehe. Siku ile sikukusikiliza."

Marciana alitupa kokoto moja pembeni. "Unaomba msamaha wa jambo lisilo kosa," alisema. "Lenye kosa hukulitaja. Asubuhi uliniona naziba, nawe ulikuwa unajua. Nilipokukaripia ukanyamaza. Mama yako alikupita pale uwanjani, ukanyamaza tena. Kwa nini?"

Filomena aliangalia chini. "Nilikuwa nakuheshimu, bibi."

"Uliniogopa. Sikulaumu, nilikukaripia vibaya. Lakini usiviite hivyo viwili jina moja. Anayeniheshimu hataki nimuue mjukuu wangu kwa mikono yangu mwenyewe. Mtu mzima naye hukosea, tena hukosea kwa nguvu kwa sababu hakuna anayemwambia. Siku nyingine ukiniona nakosea, niite pembeni, niambie kwa adabu. Nikikasirika, niambie tena."

"Na ukikataa kabisa, bibi?"

Bibi alimtazama usoni, na macho yake yalikuwa yamelowa.

"Nikikataa kabisa, fanya kama ulivyofanya. Mtoe mtoto kwanza. Kugombana tutagombana baadaye."